Kaunta ya Makupa, Zamu ya Usiku

Saa tano na robo wamleta Chengo Mwadzaya,
ndara mguu mmoja, shati limepasuka kwapani.
"Andika," asema koplo. "Mshukiwa."
Wa nini, afande?
Koplo apiga mwayo, atazama feni.

Safu ya kosa ni nyeupe,
yanikodolea macho
kama mkwe aliyekaribishwa asipewe kiti.

Kule Kiganjo niliikariri ibara ya arobaini na tisa
kwa baridi, meno yakigongana:
aambiwe sababu, kwa lugha aielewayo,
anyamaze apendapo,
saa ishirini na nne zisimpite bila hakimu.
Nikapata alama themanini na moja.
Sikuambiwa ibara hunuka vitunguu,
huvuja damu kidogo gotini,
huomba maji.

"Alikimbia," koplo asema hatimaye.
Kukimbia si kosa, afande.
"Asiye na hatia akimbia nini?"
Atukimbia sisi.

Namuuliza Chengo kwa Kigiriama cha bibi yangu.
Hubeba magunia Kongowea;
aliona taa za gari letu,
miguu ikaamua yenyewe.

Shuku ni kivuli,
kizimbani hakisimami.
Basi naandika, wino ukikwamakwama:
Sababu ya kukamatwa, haikutolewa.
Ameachiliwa, saa sita kasoro dakika tatu.
Chini yake namba yangu, yote,
tarakimu sita zisizojificha.

Koplo asoma juu ya bega langu.
"Unajua Lokichogio ni mbali?"
Najua, afande.
Nainama chini ya benchi
kumtafutia Chengo ndara ya pili.