Daftari la Milango

Baba aliuza milango.
Daftari lake, jalada la kijani lililoliwa na mende,
linaanza mwaka wa sitini na nane:
milango tisa. Mwaka mzima, tisa.
Alijua nani anafunga kwa komeo na nani kwa kamba,
nani ana deni la bawaba,
mbwa wa nyumba ipi habweki.
Goma, alisema, ulikuwa mji wa kupungiana mikono:
umsalimu mtu kule posta, aitikie aliye ziwani.

Kisha mwandiko unaanza kukimbia.
Thelathini na mmoja. Themanini.
Mama Nzigire, Birere, vyumba viwili, mlango mmoja.
Mwalimu Balume, Majengo, wa mbele tu,
wa nyuma akilipwa mshahara.
(Wa nyuma haumo. Nimeutafuta hadi ukurasa wa mwisho.)

Mwaka wa tisini na nne hauna milango.
Una neno moja, *mahema*, limepigiwa mstari mara mbili,
na chini yake bei ya mbao imefutwa,
ikaandikwa, ikafutwa, mpaka karatasi ikatoboka.
Sikuwa mkubwa. Nakumbuka miguu,
siku nne miguu ikipita mbele ya karakana,
na baba ameshika randa bila kuranda.

Januari ya lava tulikimbia na randa, msumeno, daftari.
Tuliporudi, barabara ilikuwa imepanda hadi dirishani.
Jirani yetu Sivihwa alisimama juu ya jiwe lenye joto bado,
akipima kwa hatua, moja, mbili, tatu:
"Ni hapa. Soli inayeyuka, lakini ni hapa."
Oda ya kwanza baada ya moto ni yake:
mlango, haraka, wa nyumba isiyo na kuta.

Ndipo nilipouelewa mji huu.
Haukui kama mtoto anayepimwa ukutani kila Krismasi.
Unakua kama benchi la kanisani:
sogea, sogea tena,
na bado kuna mtu amesimama mlangoni na mtoto mgongoni.
Ametoka Masisi, ametoka Rutshuru, ametoka Walikale,
mmoja kwa harusi, mmoja kwa chuo,
wengi kwa mlio wa bunduki.

Sasa karakana ni yangu, Ndosho, juu ya mawe meusi.
Misumari nanunua kwa kilo. Wateja siwajui;
nawaandika kwa namba ya simu,
nao wanataka bati, chuma, kufuli tatu.
Wanasema tumefika milioni. Wengine wanasema mbili.
Nani kahesabu?
Mimi nina milango elfu nne mia sita na kumi na mbili,
na mmoja zaidi, hauna mwenyewe tangu Mei:
kijana alilipa nusu, akasema ataufuata na chukudu.

Jioni nauingiza ndani, usinyeshewe.
Asubuhi nautoa, nauegemeza kwenye nguzo ya umeme,
na watoto wa mtaa wanaupiga *hodi*,
mmoja kajificha nyuma yake,
anaitikia, *karibu, karibu*,
wala hakuna nyumba.