Mimi Ndiye Mkia

Saa kumi na mbili na nusu, Wanale bado umejifunika ukungu,
tunakutana nje ya kinu cha mahindi, wanane.
Nambozo kichwani, kizibao chake cha njano
amekishonea vipande vya kung'aa
alivyovikata kwenye begi kuukuu la mwanawe.
Wamimbi na kreti ya mikate.
Nabukwasi wa wodi ya wazazi, kiatu cha zamu mfukoni.
Kijana Khaukha, mwenye kengele kubwa kuliko kiganja chake.
Wawili wa karakana, hawaachani.
Okiria.
Mimi ndiye mkia.

Tukiishuka barabara ya Kumi hatusemi mengi,
minyororo inatusemea.
Shimo likija, kidole cha Nambozo kinaelekea chini,
na mkono baada ya mkono tunapokezana lile shimo
hadi linanifikia mimi, nisiye na wa kumpa.
Nalikwepa tu.

Kisha mzunguko wa mnara wa saa.
Malori ya Tororo yanaingia na saruji,
bodaboda zinapenya kama maji yatafutayo mfereji,
na kila honi inadai yenyewe ndiyo ilitangulia.

Nambozo anainua ngumi. Tunajikusanya
wawili wawili, bega kwa bega,
katikati ya njia yetu, si pembeni tukilamba ukingo.
"Tuonekane kama lori," husema,
"lori la magurudumu kumi na sita."
Hakuna kukaa kushoto mwa mwenye saruji:
vioo anavyo, ila upande ule ni kipofu.
Tunatazama kulia. Khaukha anahesabu magari kwa midomo.
Pengo la mmoja si pengo.
Pengo la watatu si pengo.
Tunangoja letu.

Zamani kichwa nilikuwa mimi.
Nilikuwa na miguu, nikaidhani ni akili.
Asubuhi moja niliona upenyo, nikauingia,
nikapaza sauti "Twende!" bila kugeuza shingo.
Twende, neno la wengi,
na aliyelisema alikuwa peke yake.
Wanne walivuka. Wa tano alikuwa Okiria.
Nilisikia breki. Halafu debe la maziwa
likibiringika, likibiringika,
likichukua muda wake wote kusimama.

Mguu uliunga, umepungua inchi moja.
Siku aliyorudi, pedali ya kushoto
ameifunga kipande cha ndala ili unyayo uifikie.
Nilikuwa nimeandaa maneno, usiku kucha nimeyapanga.
Yeye aliuliza tu:
"Leo nyuma yuko nani?"

Ngumi ya Nambozo inafunguka.
Tunaingia, si mbio, si kujikokota;
mwendo wa Okiria ndio mwendo.
Dereva wa teksi anatoa kichwa atutukane,
anakuta tuko wengi mno kwa tusi moja, anakirudisha.
Askari wa trafiki anatukodolea macho,
hajui atutoze nini.

Gurudumu langu la nyuma likigusa upande wa pili, naita:
"Tumetimia!"

Nambozo hageuki. Ni mabega tu,
yanashuka kidogo, ndipo anaongeza mwendo.
Na mbele yangu kile kipande cha ndala
kinapanda, kinashuka,
kinapanda.