Droo ya Tatu

Ufunguo ulikuwa wangu. Naanza hapo,
maana wengi wakisimulia huanza na tajiri,
na mimi nikapita katikati ya maneno yao
kama vumbi la mbao.

Kiwanda cha viti, Muar, nyuma ya kituo cha mafuta.
Kabati la chuma, droo ya tatu:
pasipoti sitini na tatu, nimezifunga kwa mpira kumi kumi,
tatu za mwisho zikilala bila mpira.
Za Nepali, za Bangladeshi, moja ya Myanmar
iliyokunjika pembe kama sikio la mbwa.

"Kwa usalama," alisema tajiri Heng.
Nami nikalisema, mwaka wa kwanza, wa pili,
mpaka neno likang'oka meno.
Usalama wa nani, hakuna aliyeniuliza.

Na sheria ilikuwepo, msinielewe vibaya.
Ilibandikwa ukutani kwa lugha tatu,
ina mhuri, ina nambari ya simu:
hati ya mtu ikae na mtu,
kuishika ya mwenzio ni kosa.
Lakini ukuta ule uko nyuma ya mlango,
na mlango wetu, kwa joto la kule,
ulikuwa wazi tangu asubuhi hadi jioni.

Tikaram Pun alikuja mwezi Machi, mikono ina gundi.
"Mama amelazwa," alisema. "Baglung."
Tajiri akataka amana, ringiti elfu tatu,
atarudishiwa akirudi.
Mshahara wake naujua. Mimi ndiye ninayeuandika.
Alisimama akilitazama kabati, si mimi,
vile mtu anavyotazama dirisha la nyumba yake
akiwa amefungiwa nje.
Hatua mbili. Ningeweza kunyoosha mkono.
Nilichonyoosha ni fomu, ajaze maombi.

Fomu ile ipo. Palipoandikwa "Sababu" alijaza: Mama.
Aprili alirudi, akaiomba, akalikata lile neno,
hakuandika jingine.

Mkaguzi alikuja siku ya mvua,
Bibi Norhaslina, viatu vimelowa chepechepe,
msumeno unalia hata hatusikilizani.
"Samahani," akasema, akaufunga mlango.
Basi. Akaufunga mlango.
Sheria ikajitokeza ukutani na vumbi lake,
ikatukodolea sote watatu.
Tajiri alicheka kidogo. Akasema, kwa usalama.
Yule mama hakumjibu. Alinielekezea kiganja,
kama anayekinga mvua aone ni nzito kiasi gani.

Nikautoa ufunguo. Msiniite shujaa;
mkono uliotoa ndio uliofunga, miaka sita.

Walipanga mstari uani, chini ya bati.
Nilizoea kuwaita kwa nambari. Siku ile nilisoma majina,
nikakosea, wakanisahihisha,
wengine wakicheka, wengine hawakucheka.
Kila mmoja alifungua kwanza penye picha,
akamtazama yule kijana mwembamba aliyeaga kwao.
Mmoja alinusa kurasa. Mmoja aliitia ndani ya soksi
akafunga kamba za kiatu mara mbili.

Tikaram alikuwa wa hamsini na nne.
Yake ilikwisha muda humo humo, gizani mwa droo.
Nikamsogezea daftari: "Saini hapa, kwamba umepokea."
Akauliza, kwa Kimalei kilichonyooka,
"Mlipoichukua, alisaini nani?"

Sikuwa na jibu. Hata sasa sina.
Akaenda zake. Kwenye daftari
mstari wa hamsini na nne u mtupu,
na kila anayekuja kukagua huuwekea kidole, akaniuliza.
Huo, nasema, uacheni.

Siku hizi mlango naufunga mwenyewe.
Joto ni lile lile, na feni ni ya kutania tu.
Droo ya tatu naweka majani ya chai,
na ile mipira sita,
imekauka; ukiivuta
inakatikia mkononi.