Nyuso Tano

Wameleta karatasi kutoka mjini, Mae Sot,
zenye nyuso tano za duara.
Uso wa kwanza unacheka mpaka meno,
wa mwisho umepinda kama kiatu kilichonyeshewa.
Kila mtoto atie alama, wakasema,
tujue moyo wake umeamkaje.

Nikagawa. Watoto arobaini na wawili,
penseli kumi na tisa, za kupokezana.
Kisha mvua ikashuka juu ya bati,
na mvua ikishuka juu ya bati, huku mpakani,
hakuna mwalimu anayesikika.
Tunakaa tu tukitazamana
kama watu waliosahau salamu.

Saw Hser Moo akatia alama nyuso zote tano.
Naw Wah Paw akachora wa sita, hauna mdomo.
Lah Eh, aliyevuka mto Moei mwezi wa tatu
na dada yake mgongoni,
hakutia kitu.
Aliikunja karatasi, akaikunja tena,
ikawa ndogo kama punje ya mchele.
Ndege ikipita, yeye huwa chini ya dawati
kabla sisi hatujasikia chochote.
Nimeacha kumwambia atoke.
Siku hizi namteremshia daftari.

Mimi?
Posho imekatwa tena. Nafundisha kugawanya
kwa tumbo linalolijua somo hilo kuliko ubao.
Usiku nasahihisha kwa tochi,
na nikifika kwenye jina la mtoto
ambaye familia yake ilihama bila kuaga,
kalamu inasimama yenyewe.
Mgeni mmoja alinifundisha kuvuta pumzi
huku nikihesabu hadi nne.
Nikavuta. Ilinuka moshi na matope.
Ilinisaidia kidogo, sikatai.

Mvua ikakatika ghafla, kama mtu aliyezibwa mdomo.
Lah Eh akatoka chini ya dawati,
akaja mpaka mezani kwangu.
“Tharamu,” akasema, ndilo jina wanaloniitia mwalimu,
“yako iko wapi?”

Nikapekua bahasha.
Arobaini na mbili walizihesabu, arobaini na mbili wakaleta.

Akakunjua ile yake, kunjo kwa kunjo,
akailaza mezani, akaipiga pasi kwa kiganja,
akanipa penseli fupi iliyotafunwa nyuma.
Kisha akasimama pale pale.
Mtoto huyu anajua kungoja.