Sikio Lilitangulia

Kliniki ya koo, Ibra, saa tatu asubuhi,
nje joto limeshafika arubaini na tatu.
Kabla sijamwona nilimsikia,
Bi Shinuna binti Khalfan, ukumbini,
akiwaamkia wauguzi mmoja mmoja
kwa Kiarabu, kisha kwa Kiswahili cha Wete,
sauti inakwaruza kama sufuria
inayokwanguliwa ukoko.

Nikajisemea: hapo pana jambo.

Nikapitisha kamera puani. "Sema iii, mama."
Akasema iii, ikakatika katikati, ikarudi na pumzi.
Na kwenye skrini nyuzi mbili za sauti,
zikifumba na kufumbua kwa mwanga wa kumetameta:
nikaona wekundu. Nikaona uvimbe upande wa kulia,
na mwanya pale zilipotakiwa kukutana.
Nikaandika yote, mkono hautetemeki.

Adhuhuri nikamtumia Ghaniya video ile.
Yeye yuko Sohar, hakumsikia mtu,
na kompyuta yake haina spika.
Akajibu mstari mmoja:
"Nyeupe. Zimenyooka. Ulitaka nione nini?"

Usiku, watoto wamelala, nikazima sauti
nikaitazama tena. Wallahi,
wekundu ukapauka mbele yangu
kama chai ya rangi ukiitia maziwa.
Nikawasha sauti: ukarudi.
Nikazima. Nikawasha.
Mke wangu akauliza chumbani, nani huyo analia?

Wazee walituambia kusikia si kuona.
Hawakutuambia kwamba sikio
huweza kuandika ripoti nzima,
jicho likaitwa kutia sahihi tu.

Na yule Mbaluchi muuza vitambaa, wiki iliyopita,
mwenye sauti ya asali, niliyemwambia
huna kitu, nenda kanywe maji?
Nimelifungua faili lake saa saba usiku.
Asubuhi nimempigia simu.

Sasa tuna utaratibu: picha kwanza, bubu,
maneno baadaye.
Raya mlangoni anawaomba wagonjwa waingie kimya.

Alhamisi Bi Shinuna amerudi,
kabeba bakuli la halwa, moto bado,
mdomo umeshafunguka kwa salamu.
Nikaweka kidole midomoni.
Akaliteremsha bakuli juu ya meza, taratibu,
akanitazama kama mtu aliyefungiwa mlango
na mwanawe.

"Hata salamu, daktari? Hata salamu?"

Na hapo hapo, kamera ingali kwenye trei yake,
nikaona wekundu.