Uzi Namba Arobaini

Makao ya wazee yameleta barua:
kila nguo iwe na jina, la sivyo itapotelea kwa dobi.
Nilijaribu kalamu ya wino. Mafuo matatu, ikafutika.
Nikaiteremsha kabatini cherehani ya kudarizi
aliyotuachia binti yetu, bado imo ndani ya plastiki yake,
nikavaa koti, nikatoka.
Theluji ya Plauen ilikwisha kuwa tope.

Miaka thelathini na mmoja niliendesha tramu.
Reli huichagui, unaikuta imelazwa.
Sasa nimesimama dukani kwa Bibi Zschoche
mbele ya ukuta mzima wa nyuzi,
buluu peke yake kumi na tisa,
na mikono yangu haijui pa kukaa.

Irmtraud angejua.
Aliingia kiwandani ana miaka kumi na sita,
akirudi jioni na vipande vya nyuzi vimemganda soksini,
na mimi, mume, nilivipangusa tu kwenye zulia.
Sikuwahi kuuliza: huu ni uzi gani?

Nikashika boksi la bei ya chini, rangi sitini kwa mpigo.
Bibi Zschoche akavuta kipande kati ya vidole: tap.
Akavuta kingine: tap.
Hakusema neno. Rahisi ghali, nikajisemea,
nikalirudisha boksi mahali pake.

Nikashika rayoni. Unameremeta huo, kama maji ya samli.
“Mzuri,” akasema, “kwa gauni la kuvaliwa siku moja.
Huko kwenu wanafua kwa nyuzi joto ngapi?”
Tisini, nikamwambia, na dawa ya madoa juu yake.
“Basi hizo nyuzi zitaula uzi wako.”

Poliesta, kwa hiyo. Namba arobaini.
Namba ikipanda, uzi hupungua;
hilo nililielewa upesi, mimi mwenye sabini na minne.
Wa chini uwe sitini, mweupe, mwembamba,
kwani wa chini hauonekani lakini ndio unaoshika.
Sindano sabini na tano.
Yote aliniandikia nyuma ya risiti, kwa mwandiko wa daktari.

Rangi akaniachia mwenyewe.
Nilitoka na rili mbili hadi mlangoni, kwenye mwanga wa kweli,
maana chini ya taa za duka kila kitu ni ndugu.
Nikachagua nyekundu ya taa za breki.
Ndiyo niijuayo.

Herufi ya kwanza ilikata uzi mara nne.
Nilitukana kwa lugha ya karakana.
Kumbe nilipitisha uzi bila kuinua mguu wa cherehani,
na sindano niliiweka kinyumenyume.
Kufika saa sita usiku jina lilikuwa limekaa kwenye sweta la kijivu,
D ya mwisho imeinama kidogo
kama abiria aliyesinzia.

Jumapili nilimpelekea.
Siku hiyo aliniita konda, akaniuliza kama tumechelewa.
Hapana, nikamwambia, tuko kwa wakati.
Nikamvisha mkono mmoja, akauvua.
Akalichukua sweta, akapapasa jina lake asilisome,
kisha akaligeuza.
Upande wa nyuma! Mimi sikuwa nimeutazama hata mara moja.
Kidole gumba kikatembea herufi kwa herufi,
polepole, kikarudi, kikasimama.

“Nani amebana hivi?” akasema,
kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu mwaka juzi.
“Wa chini umepanda juu. Legeza. Nusu namba tu.”
Akanitazama kama fundi anavyomtazama mwanafunzi
wa wiki ya kwanza, asiyefaa bado, lakini aliyefika mapema.
Halafu akauliza tena kuhusu tramu.

Nimelegeza, nusu namba.
Bado soksi jozi sita, magauni mawili ya kulalia
na ile shali inayochomachoma.
Kesho nitapita kwa Bibi Zschoche.
Nyeupe ya chini inakwisha upesi kuliko nilivyodhani.