Kishikwambi Namba Kumi na Nne

Vilikuja kwa lori la kijivu, siku ya masizi.
Miwa ilikuwa ikichomwa upande wa Chemelil
na majivu, marefu kama kope, yakaingia madirishani
yakatua juu ya kila kitu kipya.
Vishikwambi ishirini na sita.
Watoto wangu sabini na mmoja.
Hesabu hiyo sikuhitaji mashine.

Bwana Ogweno, naibu wa mwalimu mkuu, akanunua kufuli
kubwa kuliko la ofisi,
ufunguo akautia kamba ya kiatu, akauvaa shingoni,
na muhula mzima tukafundisha kuhusu sanduku.
"Ndani mna nini, watoto?"
"Dunia, mwalimu!"
Haya. Fungueni daftari.

Nimeshika chaki miaka ishirini na mitatu.
Kikohozi changu kinaijua ratiba.
Sikuwa na haja ya kioo cha kuniambia "Jaribu tena"
kwa sauti ya mwanamke asiyewahi kunyeshewa.

Lakini Akeyo.
Akeyo wa gredi ya tatu, ambaye neno humkwama kooni
kama mwiba wa ngege,
ambaye akisimama kusoma, dawati la nyuma huanza kuhesabu,
moja, mbili, tatu, nne,
mpaka aketi.
Na mimi, niseme ukweli, nilikuwa nimeacha kumwita.
Nikaiita huruma.

Siku moja nikamwachia namba kumi na nne, kile chenye ufa,
kule nyuma, chini ya dirisha.
Akakisomea hadithi ya sungura.
Pa-pa-pa-paliondokea.
Kikasubiri.
Hakikutazama saa. Hakikummalizia neno,
jambo ambalo mimi hulifanya, na hujiona mwema.
Dakika kumi na moja, ukurasa mmoja.
Kisha akabonyeza mahali nisipopajua,
akabandika sikio,
akaganda.

"Mwalimu, huyu ni nani?"
"Ni wewe."
"Anafika mwisho."

Sasa wakija wakubwa na fomu zao
kuniuliza nina matumaini gani na teknolojia,
naandika: stima.
Naandika: mvua ikipiga bati, hatusikii mashine wala mtu.
Naandika: ufunguo wa pili, tafadhali.
Fomu haina nafasi ya kuandika
kwamba kidude chenye ufa kimenifundisha kunyamaza.

Leo tumefunga shule.
Bwana Ogweno amekwenda kwao Nyakach, kamba shingoni.
Sanduku liko stoo na majembe
na mipira isiyo na upepo.
Kumi na nne kilibaki na chaji ya asilimia tatu,
na sungura wake ndani.

Muhula ujao nitamwita Akeyo kwa jina, mbele ya wote.
Nitakaa juu ya mikono yangu.
Dawati la nyuma na lihesabu.
Tuone wanajua kuhesabu mpaka ngapi.